Usingizi Wangu Ulivyopitisha Kiti cha Kijani

Mliniacha kitini. Tena si kukaa tu: nimelala fofofo, mdomo wazi, mate yananichuruzika, na kamati nzima ya chuo imenizunguka kama watu waliokuja kumjulia hali mgonjwa.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nitamweleza kwa pumzi moja. Chuo ninakosoma masomo ya jioni kinabadilisha viti vya ukumbi mkubwa. Safari hii wakubwa wakasema viti visichaguliwe na watu wasiovikalia. Wanafunzi wawe washirika kamili, waingie kwenye kamati, na walipwe kama mtu mwingine yeyote anayefanya kazi. Wakatafutwa wawili. Wa mchana ni kijana tunayemwita Rais, kwa sababu hata akiomba kupishwa mlangoni anaanza na "ndugu zangu". Wa jioni ni mimi.

Malipo yale ndiyo yanayonilipia ada. Yakikatika, na masomo yamekatika, nami narudi kuwa mtu wa kupita nje ya madirisha ya ukumbi nikichungulia ubao wa wenzangu.

Kazi yenyewe ni kukaa. Unaletewa kiti, unakaa, unasema unavyojisikia.

Mama mkwe, anayeishi nasi na kunishikia mtoto, hajaiamini kazi hiyo tangu siku ya kwanza.

"Unalipwa kukaa?"

"Kukaa na kutoa maoni, mama."

"Mimi nimekaa maisha yangu yote, na maoni ninayo. Mbona hajaja mtu?"

Basi, turudi kwenye kiti cha kijani. Kilichoniamsha ni makofi.

Nilifumbua macho, nikamwona Mkurugenzi wa Majengo yuko mbele yangu, tumbo limetangulia, tai fupi inaning'inia juu yake, anapiga makofi kana kwamba nimemaliza kumwimbia.

"Hiki!" akasema. "Hiki ndicho kiti! Mmemwona? Kile cha bluu alikuwa anajigeuzageuza kama mtu aliyekalia siafu. Kile cha mbao alikunja uso. Hiki, hata hatujafungua chupa za maji, mtu ameshaiaga dunia!"

"Tena amekoroma," Rais akaongeza. "Ndugu zangu, mkoromo ni kura."

Mratibu wa mradi, mwalimu kijana mwenye moyo wa kuamini mambo mema, alikuwa amekumbatia mikono kifuani, machozi yanamlengalenga. "Mnaona sasa? Ndiyo maana tulisema tuwashirikishe wanafunzi. Mwili wake wenyewe umetoa maoni!"

Wasomaji wangu, ukweli ni kwamba mwanangu anaota meno. Nyumbani tunamwita Bosi, kwa sababu yeye akitoa sauti sisi wengine tunasimama. Na wiki ile Bosi alikuwa anaitisha mikutano usiku kucha. Siku ile ningeweza kulala juu ya mfuko wa saruji. Ningelala nimesimama kwenye foleni ya benki, na foleni ikasonga nami.

Nikajifuta mate nikafungua mdomo niseme.

Mkurugenzi akaniwahi. "Ingekuwa ni uvivu, ningemtoa leo leo. Sitaki mtu wa kuja kusinzia kwenye kamati yangu. Lakini huyu hakulala. Huyu amelazwa!"

Nikafunga mdomo.

"Dada," Mratibu akaniinamia kwa upole, "ulijisikiaje?"

"Mimi... sikujisikia."

"Hakujisikia!" Mkurugenzi akapiga meza. "Mmesikia jibu hilo? Kiti kizuri hakisikiki!"

Ikabaki hatua moja tu. Kanuni ya mradi inasema jambo lolote la wanafunzi halipiti mpaka washirika wote wawili waseme ndiyo mbele ya kikao. Kikao kikapangwa Ijumaa. Kabla ya hapo, mshirika aende na kiti nyumbani, akikalie katika maisha yake ya kawaida ya kujisomea.

"Nani atakipeleka?" nikauliza.

Wakaniangalia wote. Kumbe katika ushirika huo, kubeba ni kwangu.

Nikakodi mkokoteni. Mwenye mkokoteni akavuta mbele, mimi nikasukuma nyuma, kiti kimekaa katikati kama bwana harusi. Tulipofika penye maduka, mwanamke mmoja anayeuza vifuniko vya sufuria akaniita.

"Dada, ndiyo unahama?"

"Hapana, natoka kazini."

"Unafanya kazi gani?"

"Kukaa."

Akakivuta kibanda chake kidogo pembeni, tupite.

Nyumbani, mama mkwe alikitazama kile kiti kama mtu anayemtazama mchumba wa binti yake. Akakizunguka. Akakipigapiga. Akakibonyeza mto. Halafu akakaa, akaegemea.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Mikunjo yote ilikwenda mapumziko.

"Nani kakitengeneza hiki?" akauliza, sauti imeshuka.

"Kiwanda tu, mama."

"Huyo aliyekitengeneza alilelewa vizuri."

Kuanzia hapo kiti kikawa chake. Asubuhi yuko kitini. Mchana yuko kitini, Bosi amelala kifuani kwake, wote wawili wameegemea kama abiria wa ndege. Jirani yetu fundi cherehani akaja kukijaribu, akaegemea, akasahau suruali ya mteja ikiwa kwenye pasi. Nikiuliza kama naweza kukaa kidogo nafukuzwa.

"Mama, ni kifaa cha mradi."

"Kwani mimi nafanya nini hapa? Nafanya mradi."

Jumatano alasiri akaenda kuoga. Nikaona nafasi yangu ndiyo hiyo. Nikakivuta kiti mpaka mezani, nikafungua daftari langu la zoezi la jioni, nikashika kalamu, nikainama mbele kuandika.

Kiti kikanitupa.

Hakikuvunjika, hakikuteleza. Nilipoinama tu, sehemu ya kukalia ilinyanyuka nyuma yangu, taratibu, bila kelele, ikanisukuma kama mtu anayemwambia mgeni usiku umekwisha kuingia. Nikajikuta chini ya meza, kalamu bado iko mkononi.

Nikadhani nimekaa vibaya. Nikarudi, nikajipanga, nikainama. Chini ya meza. Mara ya tatu nikaishikilia meza kwa mikono miwili. Nikaenda nayo.

Hapo nikaelewa. Kiti kile kimeundwa kijikunje chenyewe mtu anapoondoka, ili njia ya kupita kati ya safu iwe wazi. Ukiegemea, uzito wako uko nyuma, kinatulia kama mama. Ukiinama kuandika, kinadhani umekwenda zako, kinajifunga.

Nikaikumbuka kamati yetu. Mkurugenzi alikikalia ameegemea, vidole vimefungana tumboni. Mratibu aliegemea. Rais, anayejizoeza ukubwa, aliegemea kuliko wote. Nami nililala, na anayelala haandiki. Kiti cha watu wa kuandika, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyeandika neno akiwa amekikalia.

Nikauona ukumbi mkubwa umejaa. Mwalimu anasema, "Haya, andikeni," na wanafunzi wote wanatoweka.

"Unatafuta nini huko chini?" Mama mkwe alikuwa mlangoni na taulo lake.

"Kiti kimenitupa, mama."

"Kimekutupa, au umekikosea adabu?"

"Nilikuwa naandika tu!"

"Sogea." Akakaa, akaegemea, akafumba macho. "Mimi mbona hakinitupi?"

"Kwa sababu umeegemea. Mimi nikiegemea sitaweza kuandika."

"Basi usiandike. Mtu umepewa starehe unaitafutia kazi!"

Jioni nikamweleza mume wangu. Yeye ni fundi simu, anaamini kila tatizo duniani linaisha ukilizima na kuliwasha upya.

"Waambie kimeharibikia njiani," akasema. "Kwenye mkokoteni."

"Wataleta kingine kama hicho hicho."

"Basi waambie ukweli."

"Nikiwaambia ukweli wataniuliza kwa nini sikuona siku ile. Nitasema nililala. Wataniuliza kwa nini nililala. Nitasema nilichoka tu. Na Mkurugenzi ameshasema, wa kusinzia anatoka. Ada nitaitoa wapi?"

Akafikiri. Akaizima simu ya mteja, akaiwasha.

"Basi sema ndiyo, unyamaze," akasema, lakini hakunitazama aliposema hivyo.

Ijumaa ikafika. Kukitoa kiti nyumbani ilikuwa kama kumtoa mtu mkononi mwa ndugu zake. Mama mkwe hakunipungia mkono. Alisimama mlangoni na Bosi, wakautazama mkokoteni mpaka ulipokata kona.

Kikao kilikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya ukumbi, meza ndefu, feni moja inayozunguka kwa malalamiko. Kiti cha kijani kikawekwa mbele, peke yake, kama shahidi.

"Tusipoteze muda," Mkurugenzi akasema. "Muuzaji anasubiri simu yangu. Mshirika wa mchana, unasemaje?"

Rais akasimama. "Ndugu zangu. Tangu mwanadamu alipochoka kusimama..."

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo." Akakaa, ameonewa.

"Mshirika wa jioni?"

Nikasimama. Niliiona ada. Niliuona muhula uliobaki. Nikajisemea moyoni, neno moja tu hilo, litakutoka halafu litasahaulika.

Mlango ukagongwa, ukafunguka kabla ya mtu kujibu.

Mama mkwe! Mbeleko imekazwa, Bosi mgongoni, viatu vya kwendea harusi.

"Samahani wakubwa," akasema. "Sikuja kugombana na mtu. Nimekuja kukiombea kiti."

"Mama!" nikasema.

"Wewe nyamaza, najua unakuja kukisemea vibaya." Akawageukia. "Huyu mke wa mwanangu ana moyo mzuri, lakini hajui kukaa. Mimi nimekikalia kiti hiki tangu wiki imeanza. Mgongo wangu ulikuwa na maneno yake, sasa umenyamaza. Mjukuu wangu analala. Naomba msikirudishe kiwandani."

Mkurugenzi akang'aa uso mzima. "Huyu ni nani?"

"Mama mkwe wangu," nikasema.

"Hebu tuonyeshe, mama!"

Hakuombwa mara mbili. Akamhamishia Bosi mapajani, akakaa, akaegemea. Chumba kizima kikapumua naye. Mtu mmoja kule mwisho wa meza akapiga miayo ya furaha.

"Basi tumemaliza!" Mkurugenzi akachukua simu. "Mshirika wa jioni, neno lako tu."

Nikamtazama Bosi. Alikuwa ametulia, ufizi umevimba, anaitafuna kona ya mbeleko kwa bidii. Nikamwona amekua, amekuja ukumbi ule ule, ameshika kalamu yake, ameinama kuandika jina lake.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Hapana kwa kiti."

Simu ikabaki hewani. Mama mkwe akafumbua jicho moja. "Nilijua," akasema.

"Mzee," nikamwambia Mkurugenzi, "nakuomba kitu kimoja tu. Ukikalie, uandike jina lako."

"Jina langu tu?"

"Jina lako tu."

Mama mkwe akanyanyuka kwa shingo upande. Mkurugenzi akakivuta kiti mezani, akakaa, akaegemea kidogo kuonyesha kwamba anakijua. Nikampa karatasi na kalamu. Akainama.

Akatoweka.

Sijui niwaelezeje. Alikuwapo, halafu hakuwapo. Tai ilibaki juu ya meza kidogo, kisha nayo ikamfuata.

"Ni namna ya kukaa tu!" Rais akaruka. "Ndugu zangu, teknolojia inahitaji elimu. Nipisheni." Akakaa, akashika kalamu, akaliangalia baraza. "Ndugu z—"

Wakawa wawili chini ya meza.

Mratibu alijiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Bosi akacheka kwa sauti, meno yake mawili nje, mara ya kwanza kuyaona yote.

Mkurugenzi akatoka upande wa pili wa meza, kwa magoti, akajipangusa.

"Siku ile hukuliona hili?"

"Sikuliona, mzee. Nilikuwa nimelala."

"Na ulilala kwa sababu ya kiti."

Ningeweza kuitikia. Mlango alinifungulia mwenyewe.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa nimechoka. Mtoto anaota meno. Ungenikalisha kwenye ngazi ningelala. Kiti hakikunilaza, nililala mwenyewe."

Mkurugenzi akaiokota simu yake, akaitia mfukoni.

"Basi kiti kimetoka," Mkurugenzi akasema. "Na wewe umetoka."

"Mzee, lakini amesema kweli!" Mratibu akasimama.

"Amesema kweli kwamba alilala kazini. Kwa usingizi wake nilikuwa napiga simu ya kununua ukumbi mzima! Nimemlipa mtu akae, akalala. Mshirika wa jioni, asante, nenda kapumzike."

Nikainama kuchukua mkoba wangu. Macho yalikuwa yamejaa, sikutaka Rais ayaone, maana angeyatolea hotuba.

"Ngoja kwanza," mama mkwe akasema.

"Mama, twende."

"Nimesema ngoja." Akamrudisha Bosi mgongoni, akakaza fundo kifuani kama mtu anayejiandaa kupanda ngazi. "Baba, wewe mkubwa wa majengo. Nani kakwambia huyu ni mvivu?"

"Hakuna aliyesema mvivu, mama. Alilala."

"Alilala kwa sababu usiku halali. Na usiku halali kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yako vipi?"

"Mtoto akilia, mimi ndiye wa kwanza kusikia. Kitanda changu ndicho kilicho karibu naye. Najifunika shuka mpaka kichwani. Halafu nakoroma."

"Mama!" nikasema.

"Nakoroma kwa makusudi," akaendelea, sasa anaitazama dari. "Nikisikia mama yake anatoka kitandani nakoroma zaidi, asije akaniita. Najua kukoroma. Naanza taratibu, halafu naweka na mluzi mwishoni. Au sikoromi vizuri?"

Nilikumbuka ule mluzi. Mara ngapi nimepita kwa ncha za vidole mlangoni pake, nimembeba Bosi, namwambia, "Shh, bibi amechoka."

"Unakoroma vizuri sana, mama," nikasema.

"Basi, kama mtu anatolewa kwa kulala, nitoeni mimi. Nimelala zamu yangu na yake."

Mratibu akashindwa kujizuia, akacheka huku anafuta macho. Mkurugenzi akajaribu kukunja uso. Ukagoma.

"Mke wangu naye," akasema polepole, "wajukuu wakija, anakoroma hivyo hivyo. Na mluzi." Akaketi kwenye kiti cha kawaida, akiwa ameiweka tai vizuri. "Kumbe."

"Kumbe," mama mkwe akasema.

Wakatazamana kama watu wawili waliokutana kwenye siri.

"Haya," Mkurugenzi akasema mwishowe. "Hajatoka. Lakini bado viti vingine vinakuja kujaribiwa, na nataka mshirika aliyelala nyumbani kwake. Mama, usiku utaamka wewe?"

Mama mkwe akasita. Mimi nilikuwa nimeshashika mkono wake, nataka kuubusu. Akautoa taratibu.

"Nitaamka," akasema. "Lakini nina sharti."

"Sema."

"Kila jioni huyu anatoka na daftari. Anarudi na maneno mapya. Mezani anamwambia mwanangu, leo tumejifunza hiki, leo tumejifunza kile. Mimi jioni nzima maneno yangu ni mawili: 'acha' na 'tema'." Akamtikisa Bosi mgongoni. "Nampenda mjukuu wangu. Lakini na mimi nina kichwa. Nataka kusoma."

Nikamwangalia kama ninayemwona kwa mara ya kwanza, naye akageuza uso upande wa dirisha.

"Mama, uliishia kidato cha ngapi?" Mratibu akauliza, ameshavuta kiti karibu.

"Cha nne. Hesabu nilikuwa naongoza darasa."

Naishi naye tangu niolewe. Nimemuuliza chumvi iko wapi, sabuni iko wapi, mtoto amekula nini. Hilo sikuwahi kumuuliza.

"Haiwezekani!" Mratibu akapiga makofi. "Mzee, unakumbuka mradi una nafasi ya mshirika wa tatu? Mwanafunzi wa makamo? Tumetafuta, hatukupata. Akijiandikisha masomo ya jioni, anaingia kwenye kamati, analipwa, malipo yanamlipia ada. Kama huyu!"

"Nitalipwa kukaa?" mama mkwe akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo ghafla.

"Kukaa na kutoa maoni."

"Maoni ninayo."

Nilikuwa nacheka, wasomaji wangu, na kulia kidogo, mpaka swali likanijia.

"Madam," nikamwambia Mratibu, "hayo masomo yake yatakuwa saa ngapi?"

"Saa hizo hizo zenu. Jioni tuna kipindi kimoja tu."

Kicheko kikaniishia. Mume wangu anafunga duka usiku. Mimi nikiwa darasani, bibi darasani, Bosi atabaki na nani? Zaidi yangu, anayejua kumtuliza akianza mikutano yake ni mmoja tu katika nyumba nzima, na ndiye huyo anayetaka kuingia darasani. Mmoja wetu akae na daftari, mmoja akae na mtoto. Nafasi zilikuwa mbili, jioni ilikuwa moja.

Mama mkwe naye akaliona. Nililisoma usoni mwake, lilipita kama kivuli. Lakini hakurudi nyuma. Kidevu akakiinua.

"Mimi hapo siingii," Mkurugenzi akasema haraka, mikono juu. "Kanuni ni kanuni. Mshirika mpya haingii mpaka washirika wawili waseme ndiyo."

"Ndugu zangu," Rais akasimama, vumbi bado liko magotini, "mimi kwa upande wangu, kwa moyo mkunjufu na kwa mikono miwili..."

"Ndiyo au hapana?"

"Ndiyo."

Wakanigeukia wote.

Nikisema ndiyo, kuna jioni nitakayobaki nyumbani, na huenda ikawa zaidi ya moja, na muhula wangu wa mwisho ndio huu. Nikisema hapana, namfungia mlango mtu ambaye sasa hivi amejivua nguo mbele ya kamati nzima ili wangu usifungwe.

"Haya, mwanangu, sema," mama mkwe akaniambia. Alikuwa amesimama wima, viatu vya harusi vimebanwa pamoja, Bosi ananichungulia juu ya bega lake. "Na kama ni hapana, iseme kwa sauti, mjukuu wangu asikie."